Kitufe cha Mama

Kitinda alijifunza kupiga mbizi kwa sababu moja tu, ambayo hakumwambia mtu: chini ya maji watu hawaongei.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi wa kukata vioo vya miwani, na ukoo mzima bado ulimwita Kitinda kwa kuwa alikuwa kitindamimba, kana kwamba kuzaliwa mwisho ni cheo ambacho mtu hastaafu. Kaka zake na dada yake walikwisha kuhamia miji ya mbali, kila mmoja mbali kuliko mwenzake, na wote walimpigia simu kumwambia, "Kitinda, mwangalie Mama." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ni nani hasa anamwangalia nani.

Maana mama yao hakuwa mtu wa kuangaliwa. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, na walimu walikuwa wamembandika jina la Kalamu Nyekundu. Siku aliyostaafu walimfanyia sherehe ya kukata na shoka, wakacheza mpaka wengine viatu vikaachia soli, na yeye akarudi nyumbani akifuta machozi, akisema hakujua kama walimpenda kiasi kile. Tangu hapo alibaki na shule moja tu ya kukagua, na shule hiyo ilikuwa na mwanafunzi mmoja.

Alikagua sufuria kabla hazijakauka. Alikagua pindo la sketi ya Kitinda, mlio wa mlango Kitinda anapoufunga, na namna Kitinda anavyopokea simu ("Sema 'halo' ya mtu mwenye kazi, si hiyo 'halo' ya mgonjwa"). Simu zenyewe zilimfuata mpaka kazini, kwenye chumba chembamba nyuma ya duka la miwani, ambako mashine ya kusaga vioo ilinguruma na kutema maji meupe kama maziwa. Kitinda aliipenda mashine ile kuliko ndugu zake kadhaa. Ilipokuwa inanguruma, alikuwa na haki ya kutosikia.

Basi siku moja mteja alileta miwani ya kuzamia, ya mpira, itiwe vioo vinavyofaa macho yake.

"Huko chini mnaongeaje?" Kitinda alimuuliza, ilimradi aulize kitu.

"Hatuongei. Utaongeaje na mdomo umeziba mpira wa kupumulia?"

Kitinda alizima mashine. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada."

Jioni ile ile akajiandikisha. Kosa lake ni kwamba alipofika nyumbani alisema. Kalamu Nyekundu aliweka kijiko chini, polepole, kama mtu anayeweka ushahidi mezani.

"Kuzamia? Wewe? Wewe unayenawa uso umefumba macho kama unapigwa picha ya pasipoti?"

"Kila mtu hufumba, Mama."

"Mimi sifumbi."

Kesho yake asubuhi, naye alikwenda kujiandikisha. Alisema daktari amemwambia magoti yake yanataka maji.

"Daktari alisema utembee bwawani, Mama. Maji ya kiunoni."

"Kiuno ni mwanzo tu," alisema Kalamu Nyekundu, na hapo mjadala ukafungwa.

Siku ya kwanza bwawani, Kitinda aliionja pepo. Alimtazama mama yake kupitia kioo, akaona macho yamemtoka, mashavu yametuna, maneno yote yamejazana nyuma ya ule mpira wa mdomoni bila pa kutokea. Kimya. Mapovu tu. Kitinda alitabasamu mpaka maji yakamwingia mdomoni.

Siku ya pili, Kalamu Nyekundu akagundua kitufe.

Mpiga mbizi huvaa jaketi linalobeba mtungi wa hewa mgongoni, na jaketi lenyewe ni kama mfuko: ukilitia hewa unapanda, ukiitoa unashuka. Kwenye bega la kushoto unaning'inia mrija mnene, na mwisho wa mrija kuna vitufe viwili, kimoja cha kujaza, kingine cha kutoa. Ustadi wote uko hapo. Unaongeza hewa kidogo, unapunguza kidogo, mpaka unatulia katikati, si juu si chini, huku pumzi zako zikikubembeleza. Ni jambo la mtu na mapafu yake. Lakini mrija ule unaning'inia, na kinachoning'inia hushikika. Kalamu Nyekundu akiona binti yake ameshuka kuliko anavyopenda yeye, ananyoosha mkono na kubonyeza. Akiona amepanda mno, anabonyeza kile kingine. Kitinda akawa lifti.

Kisha mama akanunua kibao cha plastiki, kile cha kuandikia chini ya maji, ambacho wenzake walikitumia kuambiana mambo kama "hewa inapungua". Yeye aliandika NYOOSHA MGONGO. Aliandika USIKUNJE USO. Siku moja, wakiwa wamepiga magoti kwenye sakafu ya bwawa, samaki hakuna, sauti hakuna, alimsogezea Kitinda kibao mbele ya macho, na Kitinda akasoma: UMEKULA?

Mafunzo yalipokwisha, wote wawili walipewa vyeti. Mwalimu wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alimvuta Kitinda pembeni.

"Cheti nimekupa," alisema, "lakini nikuambie ukweli. Wewe sijakuona ukizamia. Nilichoona ni mama yako akizamia na miili miwili."

Kitinda alitazama vidole vyake vya miguu.

"Jumamosi tunatoka na boti, maji ya kina. Majaketi ya shule hayatoshi, kwa hiyo kila mtu aje na lake. Na siku hiyo nitakutazama wewe. Ukielea mwenyewe, heri. Ukishindwa, unarudi kule kwenye kina kifupi na watoto wa darasa la pili. Umenielewa?"

Alielewa. Alielewa na kingine, ambacho Mwalimu hakukisema: kwamba jaketi atakalovaa Jumamosi, akichaguliwa na mama, na mrija wake ukaning'inia pale begani, basi hata chini ya bahari atakuwa nyumbani. Akaapa moyoni. Akishindwa kuchagua jaketi lake mwenyewe, ataachana na mbizi, atarudi kwenye mashine yake, na atazeeka huko, ikinguruma.

Aliomba ruhusa kazini siku ya katikati ya wiki, saa ambayo mama huwa kanisani kwenye kamati. Alipofungua mlango wa duka la vifaa vya mbizi, Kalamu Nyekundu alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha wateja, mkoba juu ya mapaja.

"Umechelewa," alisema.

"Mama! Umejuaje?"

"Asubuhi umechana nywele mara mbili."

Duka lilinuka mpira mpya. Mapezi ya miguuni yalipangwa ukutani kama nyayo za watu waliokimbia, na majaketi yalitundikwa kwenye bomba refu, yameinamisha mabega kama wanafunzi waliosimamishwa nje ya ofisi. Mwenye duka aliitwa Nahodha kwa sababu ya kofia yake, si kwa sababu ya chombo chochote kinachojulikana. Alikuwa na mbinu moja ya biashara, nayo ilimlisha vizuri: chochote mkono wa mteja ulichogusa, alikisifu. Mteja akikiacha, naye alikiacha.

"Mtoto anataka jaketi," Kalamu Nyekundu alimwambia.

Nahodha alichungulia nyuma ya Kitinda kumtafuta mtoto. "Ana umri gani?"

"Thelathini na mmoja."

"Umri mzuri sana," alisema Nahodha.

Kalamu Nyekundu alipita mbele ya majaketi, mikono nyuma. Kila jaketi alilolipita lilionekana kuinama zaidi. Mwishowe alilivuta moja jeusi, pana, lenye mifuko kama begi la posta.

"Hili."

"Hilo!" alisema Nahodha. "Mama, una jicho. Hilo ndilo lenyewe."

Kitinda alivalishwa. Alikuwa mwembamba, mabega ya binti wa shule. Jaketi lilimshukia, likaendelea kushuka. Kwapa zake zilikuwa na nafasi ya mtu mwingine.

"Ni kubwa, Mama."

"Utakulia ndani."

Nyumbani kwao hakuna mtu aliyewahi kununuliwa nguo ya kumtosha. Sare ya darasa la kwanza ilinunuliwa kwa kipimo cha darasa la nne, mikono ikakunjwa, pindo likapandishwa kwa uzi mweupe, na mtoto akaambiwa akue haraka. Siku nguo ilipomtosha Kitinda, tayari ilikuwa imepauka magotini na viwikoni. Alivaa maisha yake yote hivyo: kwanza makubwa, kisha makuukuu.

"Mama, nimeshaacha kukua. Muda mrefu."

"Hujazaa bado. Ukizaa utanenepa, utakuja kunishukuru."

Kitinda alihisi masikio yakimchoma. Nahodha alikohoa kwa adabu. "Na kusema kweli, jaketi lisilobana linapumua."

"Umesikia mtaalamu?" alisema Kalamu Nyekundu. "Lipime mgongoni. Mimi nakuja." Alikuwa ameona kitu ukutani. Lilikuwa tangazo la Nahodha, lililoandikwa kwa mkono, na tayari kalamu ilikuwa inatoka mkobani.

Hapo ndipo Kitinda alipoliona. Mwisho kabisa wa bomba lilikuwapo jaketi la kijivu, dogo, lenye bega tupu. Hapakuwa na kitu kinachoning'inia.

"Hili mrija wake uko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hilo halina wa kubonyeza." Nahodha alishusha sauti vilevile, kwa kuwa alimwiga kila mteja. "Kishikio chake kiko hapa ubavuni kushoto, chini ya mkono. Ukikivuta juu, linajaa. Ukikisukuma chini, linatoa. Haliuziki vizuri, sikufichi. Watu wanalalamika."

"Wanalalamika nini?"

"Kwamba mtu mwingine hakioni. Mwenza wako wa kuzamia, lazima umwoneshe kabla hamjaingia majini. Usipomwonesha, atapapasa mpaka kesho."

Kitinda alilishusha jaketi kutoka bombani. "Mpaka kesho?"

"Ni ubaya wake mmoja."

Alilivaa. Lilimkamata kiunoni na mgongoni, sawasawa, kwa namna ambayo hakuwahi kukamatwa na nguo. Kwa nukta chache alisimama pale mbele ya kioo cha duka akijiona ana umbo. Kisha kwenye kioo hicho hicho ikatokea sura ya pili.

"Hilo bovu. Limekatika mrija."

"Halijakatika, Mama. Limetengenezwa hivyo."

"Basi limezaliwa kilema. Rudisha. Tena linakubana, utakosa pumzi. Nahodha, funga lile jeusi."

Nahodha alianza kulifunga lile jeusi. Kitinda alitazama mikono yake ikivuta mfuko, akaona Jumamosi nzima inaingia ndani ya mfuko ule.

"Tuyajaribu majini," alisema. "Yote mawili."

Haikuwa sentensi ndefu, lakini ilimtoa jasho. Kalamu Nyekundu alifungua mdomo kukataa, kisha akausikia uzuri wa jambo lenyewe. Lilikuwa mtihani, na katika maisha yake hakuwahi kukataa kusimamia mtihani.

"Vizuri," alisema. "Nami nitaingia. Sitakagua kutoka nje."

Nyuma ya duka palikuwa na bwawa la majaribio, dogo kwa upana lakini refu kwenda chini kama kisima, kuta zake za vigae vya buluu vilivyong'oka hapa na pale. Nahodha alimpa mama jaketi la kuazima, la kawaida, lenye mrija begani. Yeye mwenyewe alikaa ukingoni, miguu majini, kofia kichwani.

Walianza na jeusi. Kitinda alishuka, na papo hapo mtungi ulimteleza ukaenda ubavuni, ukampindua kama gunia juu ya baiskeli. Alipokuwa anahangaika kugeuka, mkono ule aliouzoea ulitokea, ukashika mrija, ukabonyeza. Jaketi likajaa hewa, likapanda. Kitinda hakupanda nalo. Lilimpita mabega, likampita masikio, na yeye akabaki ndani yake amekunjamana, macho mawili gizani, kama kobe aliyekodi gamba la mwingine. Alipofika juu ilibidi Nahodha amtoe kichwa kwa mkono.

"Umeona?" alisema Kalamu Nyekundu, akitema maji kwa ushindi. "Linapanda vizuri."

"Linapanda, Mama. Mimi ndiye niliyebaki."

"Ni kulizoea tu."

"Kulizoea tu," alisema Nahodha.

Kitinda alivaa la kijivu, akavuta mikanda, akaweka mpira mdomoni kabla mtu hajasema neno jingine, na akashuka.

Alisukuma kishikio chini kidogo, akasikia hewa ikimtoka mgongoni kwa mlio wa kunong'ona. Alizama. Alipofika katikati ya kisima kile akavuta juu kidogo, akangoja. Mama alikuwa anamjia kwa nguvu, mkono wa kushoto mbele. Mkono ukafika begani. Ukashika maji. Ukapapasa shingo, ukapapasa bega la pili, ukazunguka mgongoni, ukarudi kwapani kwa hasira, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya watu. Nyuma ya kioo, macho ya Kalamu Nyekundu yalikuwa makubwa. Kitinda alikuwa anashuka, polepole, kwa hiari yake, na hakuna cha kubonyeza!

Mama alipapasa tena, safari hii bila kuangalia, na safari hii akaupata mrija. Ulikuwa mnene, ulikuwa na vitufe, ulikuwa pale pale ambapo miaka yote mirija huwa. Aliubonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu zake zote za mkaguzi, ili amwinue mwanawe.

Lakini kwenye maji yale mrija wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wake mwenyewe.

Kalamu Nyekundu akaondoka. Alikwenda juu kama kizibo, kidole kikiwa bado kimegandamiza kitufe, kwa maana kadiri alivyoona Kitinda anazidi kuwa chini ndivyo alivyozidi kubonyeza. Mwalimu wao alikuwa amewaonya tangu siku ya kwanza kwamba anayepanda haraka asibane pumzi, ataumiza mapafu. Kwa mama hatari hiyo haikuwapo. Alikuwa anagomba njia nzima.

Mapovu ya mwisho ya ugomvi yalipopita, maji yakatulia. Kitinda alivuta pumzi, akahisi amepanda kidogo. Akaitoa, akashuka kidogo. Akavuta tena. Vigae mbele yake havikusogea, si juu si chini. Alikunja miguu, akakaa hewani ndani ya maji, na mtu pekee aliyemshika alikuwa yeye mwenyewe.

Alipoinua uso aliona miguu ya mama yake juu kabisa, ile yenye magoti mabaya, ikipiga maji bila mpango. Akaikuta huruma ile ya siku zote imekwisha kufika kifuani, haikugonga hodi. Akapanda.

Kalamu Nyekundu alikuwa ameshika ukingo, miwani imemkaa kwenye paji la uso, nywele zimemlala. Jaketi lake lilikuwa limetuna mpaka kidevuni. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu alionekana mzee.

"Nilikuona unazama," alisema.

"Nilikuwa nazama kweli, Mama. Ndicho tulichokuja kufanya."

"Sikukufikia." Sauti ilikuwa ndogo. "Nimetafuta, nimetafuta, sikukufikia."

Kitinda alihisi maneno yanapanda kooni. Yalikuwa ni yale yale: basi, Mama, usijali, tuchukue lile jeusi. Yalikuwa yamefika kwenye meno. Pengine yangetoka, na hadithi hii ingeishia kwenye mashine ya vioo, kama Kalamu Nyekundu hangewahi kupata nafuu. Lakini alipata.

"Nahodha!" alisema, akifuta pua. "Lete la kijivu lingine. La kwangu. Na unioneshe hicho kidude chake kimefichwa wapi."

Huruma ikapasuka kama povu.

"Lilikuwa moja tu, mama," alisema Nahodha kwa uchungu wa mfanyabiashara.

"Basi nioneshe kidude. Nikikijua mahali kilipo, inatosha."

Nahodha aliinama kuonesha. Kitinda aliweka mkono wake wa kushoto ubavuni, juu ya kishikio, akaubana.

"Hapana, Mama."

Hata Nahodha hakuona upande wa kukubaliana nao.

"Hapana nini?"

"Nitamwonesha mwenza wangu. Yule nitakayezamia naye."

"Mwenza wako ni mimi."

"Si Jumamosi. Jumamosi nazamia na Mwalimu."

Kalamu Nyekundu alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa. "Na mimi? Mimi niende na nani? Hairuhusiwi mtu kuzamia peke yake. Unataka nikae kwenye boti na vikapu?"

Kitinda aligeuza macho. Ukingoni hapo, miguu majini, kofia kichwani, alikaa mtu mwenye cheti, mwenye mtungi, mwenye jaketi kuukuu la mrija mrefu, na mwenye ulimi usiojua neno la kukataa.

"Si utakwenda na Nahodha?" alisema.

"Vizuri sana!" alisema Nahodha. "Hakuna mwenza bora kama—"

Akajisikia anavyosema. Akafunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Kalamu Nyekundu alikuwa amekwisha kumgeukia, anamtazama kuanzia kofia, akishuka.

"Hebu kaa vizuri," alimwambia. "Mtu mzima unakunja mgongo hivyo, kwani umebeba nini?"

Jumamosi maji yalikuwa safi. Kitinda alikaa katikati yake, si juu si chini, na Mwalimu mbele yake amekunja mikono, akimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwoneshea duara la vidole: sawa. Kitinda naye akarudisha duara.

Mbali kidogo, juu yao, Nahodha alikuwa anapanda. Kisha akashuka. Kisha akapanda tena, bila kofia, mkono wa mtu ukiwa umeshika mrija wake, na kibao cheupe kikiwa kimesogezwa karibu kabisa na macho yake. Kitinda hakuhitaji kukisoma. Alimwona Nahodha akitikisa kichwa kukubali, ndiyo, amekula.

Akasukuma kishikio chini kidogo, akaendelea kuzama.